Mabua Yaliyonyeshewa

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na sikio lililofanya kazi ya kiwanda kizima. Ukifika getini na mkokoteni wako wa mabua ya mahindi, alichomoa bua moja katikati ya mzigo, akalisogeza sikioni kama mtu anayepokea simu, akalikunja. Likilia tak, alisema, "Pita." Likikunjika kimya kimya, alikutazama wewe badala ya bua na kukuuliza, "Umelala nalo?"

Watu walimwita Kavu. Wengine walisema jina lilitokana na swali lake, maana ndilo lililotangulia hata salamu: "Kavu?" Wale waliorudishwa na mizigo yao walikuwa na maelezo tofauti. Walisema ni macho yake ndiyo makavu, hayana haya. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki.

Kiwanda chenyewe ni cha gesi, na kwa muda mrefu kilikula makaa ya mawe peke yake. Watu hudhani makaa yanachomwa mle ndani. Hayachomwi, yanaonewa. Yanafungiwa kwenye tanuri refu la chuma, moto unawashwa chini, halafu moto wenyewe unanyimwa hewa. Moto ukinyimwa hewa kiasi haufi, lakini hauwaki pia. Unanuna. Kile kinachotoka juu wakati umenuna ndiyo gesi, na gesi hiyo ikisafishwa inaendesha injini, na injini zinaupa mji umeme. Mimi nimesoma nusu ya diploma ya umeme, na jambo hili lilikuwa kwenye ile nusu nyingine, kwa hiyo nakueleza kama Mjomba alivyonieleza.

Yeye alianza mle kijana, na koleo. Alibeba makaa, akapanga makaa, mwishowe akawa mlishaji wa tanuri, kazi ya watu wenye mgongo. Mke wake alizoea kusema kwamba hakuolewa na mwanaume, aliolewa na chungu: nje cheusi, ndani mpaka ufunue. Kifua kilipoanza kumpigia kelele usiku, daktari akasema aondolewe kwenye vumbi. Bahati ikawa upande wake, maana mwaka huohuo wakubwa wa kiwanda waliamua kuchanganya. Makaa yalikuwa yanakuja machache na yenye mawe mengi, na huku mashambani watu walikuwa wanachoma mabua baada ya mavuno mpaka mji mzima unalia bila msiba. Wakasema, kwa nini tuchome bure? Yaletwe, yakatwe, yachanganywe na makaa: sehemu tatu makaa, sehemu moja mabua. Wakamtoa Mjomba kwenye tanuri, wakampa kibanda getini, kiti na filimbi. Akawa mpokeaji.

Kiti ni kitu kibaya. Mpe kiti mtu aliyesimama maisha yake yote, utauona urefu wa mdomo wake. Mjomba, ambaye nyumbani alikuwa mpole hata kuku walimpanda miguuni, pale getini aligeuka mchekeshaji wa foleni. Mtu akileta mabua mabichi, "Haya yapelekee mbuzi, umwambie nimemsalimia." Mtu akibembeleza, akianza habari za watoto na paa linalovuja, Mjomba alimkatiza na ule msemo wake: "Hapa si jikoni kwa mama yako." Foleni ilicheka. Ilicheka kila siku, na yeye alikuwa anaishi kwa kicheko kile kama injini zinavyoishi kwa gesi.

Sikio lilipima ukavu. Jicho nalo lilipima rangi, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mjomba alitaka mabua ya njano, yanayong'aa, yaliyokusanywa jua likiwa kali. Yakiwa na rangi ya kijivu au madoa meusi, hata yalie tak kama bunduki, aliyarudisha. Alisema kitu kizuri kinajulikana kwa sura.

Palikuwa na binti wa maabara, mdogo, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, ambaye alikuja getini kila asubuhi na sinia la bati kuchukua sampuli. Alimwambia Mjomba mapema kabisa.

"Mzee, haya ya kijivu usiyarudishe kwanza. Niache niyapime."

"Mwanangu, hata ng'ombe anachagua la njano."

"Tanuri si ng'ombe, mzee."

"Ndiyo maana halijalalamika."

Foleni ikacheka. Binti akachukua sinia lake akaenda, buti zikimfuata.

Sasa, mama yangu alikuwa na shamba la mahindi nyuma ya nyumba yetu, na ndani ya nyumba alikuwa na Bibi. Bibi, mama yao wote wawili, alipigwa na kiharusi mwanzoni mwa mavuno. Mkono mmoja ulilala, mdomo ukapinda, na maneno yakaisha. Alibaki na macho tu. Mama alimgeuza, alimwogesha, alimlisha kwa kijiko, na huko shambani mabua yakabaki chini palepale yalipoangushwa. Majirani walikusanya yao. Halafu ikanyesha mvua ambayo hakuna aliyeiita, ikanyesha karibu nusu ya mwezi, na jua liliporudi mabua yetu yalikauka vizuri kabisa lakini yakiwa na rangi ya kamba kuukuu.

Mjomba alikuja kumwona Bibi kila siku yake ya mapumziko. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kumsimulia habari za getini, nani alileta nini, akamwambia nini, watu walivyocheka. Bibi alimfuata kwa macho. Mama alikuwa anasema, "Kaka, unamchosha," na yeye anajibu, "Mdogo wangu, mtu hachoki kwa kusikiliza, anachoka kwa kujibu." Walikuwa hivyo. Wamezaliwa wawili tu, na wamekula sahani moja mpaka mmoja akaota ndevu.

Asubuhi moja Mama alikwenda kiwandani na mkokoteni wa punda uliojaa yale mabua. Mimi nilikuwa chuoni wakati huo, nikiimalizia ile nusu yangu. Niliyoyajua ya siku hiyo niliambiwa na watu wa foleni, na foleni haijui kusahau.

Mjomba aliuona mzigo kabla hajamwona aliyeuleta.

"Kavu?"

"Kaka, ni mimi."

"Nakuona ni wewe. Nauliza mzigo."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuonja. Akachomoa bua, akalikunja sikioni. Tak! Lililia vizuri hata punda akatikisa masikio. Mjomba akalitazama, akaligeuza. Kijivu. Nyuma ya Mama alikuwepo jamaa mmoja ambaye juzi yake alirudishwa na mzigo wa rangi ileile, akapaza sauti: "Leo tutaona! Leo udugu unapita getini!"

Kama jamaa yule angefunga mdomo, huenda nisingekuwa na la kuandika. Mjomba aliinuka kutoka kwenye kile kiti chake.

"Yamenyeshewa haya. Rudisha."

"Kaka, nisikilize kwanza. Nina neno."

"Na neno lako limenyeshewa pia?"

Kicheko kikaja chote sasa.

"Ni neno la nyumbani," Mama akasema.

"Ya nyumbani yabaki nyumbani. Hapa si jikoni kwa mama yako."

Foleni ilicheka kwa mazoea, halafu ikanyamaza kwa kuelewa. Kila mtu pale alijua hawa ni tumbo moja. Kuna maneno unaweza kumtupia mtu yeyote chini ya jua isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake, ameshika kamba ya punda, na yule mama anayetajwa amelala nyumbani hawezi kujigeuza.

Mama alimwangalia tu. Akasema, "Sawa, bwana mpokeaji." Akamgeuza punda kwa nguvu hata mkokoteni ukainama na mabua kadhaa yakadondoka. Hakuyaokota.

Mjomba aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe aliyasikia yale maneno yakiwa yameshatoka. "Yalikwenda yenyewe, mjomba. Kama koleo. Mkono ukizoea, haukuulizi." Sisi tunaitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba, mpaka mgeni anashindwa kujua nani amezaliwa na dada wa nani. Nilimuuliza kwa nini hakumkimbilia palepale. Akasema foleni ilikuwa ndefu. Kisha akasema si foleni. Alisema alidhani atakwenda siku ya mapumziko, amchekeshe, yaishe. Siku ya mapumziko ilipofika miguu ikamwambia inauma. Aibu ina tabia hiyo, inajifanya ugonjwa wa viungo.

Alipokuja kujikaza, wiki kadhaa zilikuwa zimekwenda. Mama alimfungulia mlango, akachukua kitambaa, akakipangusa kiti vumbi, akakiweka katikati ya sebule.

"Karibu kiti, bwana mpokeaji."

Kwenye nyumba ile Mjomba hakuwahi kukaribishwa kiti. Alikuwa anaingia, anafunua sufuria, anauliza nani ameficha chumvi. Siku ile alikaa kwenye kiti kilichopanguswa, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Kisha akaingia chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa amefumba macho. Alimsimulia habari za getini hivyohivyo, kwa sauti ya chini, na safari ile hazikuwa za kuchekesha.

Bibi alifariki kabla mvua za kawaida hazijaanza. Tulimzika. Mama alisimama upande mmoja wa kaburi na Mjomba upande mwingine, na mimi nikawekwa katikati kama kigingi cha mpaka. Watu wakaja kuwapa pole mmoja mmoja, wakilazimika kuzunguka.

Baada ya hapo ndipo tanuri likaota magego.

Hilo ndilo jina walilolipa wenyewe. Majivu ya tanuri zuri yanadondoka chini laini kama unga. Lakini lile la kwetu lilianza kuyeyusha majivu yake, yakawa kama kioo kizito, yakagandia ukutani na kukua: mabonge meusi yenye mng'ao wa kijani, yamepangana kama meno ya nyuma ya mnyama. Gesi ikakosa njia. Ilibidi moto uzimwe, tanuri lipoe, watu waingie na mitaimbo kung'oa. Mji ukakaa gizani. Wakawasha tena, yakaota tena. Mjini watu wakaanza kusema kiwanda kinahitaji daktari wa meno.

Mjomba, kwa kuwa alikuwa mtu wa makaa, alilaumu makaa. "Makaa ya siku hizi yamelegea," alisema. Alikiacha kiti chake, akaingia tanurini na mtaimbo pamoja na vijana, kifua chake na yote, akang'oa mpaka wakamtoa kwa kumshika makwapa. Nadhani alifurahi kupata kitu cha kupiga.

Binti wa maabara alimwita aliposhusha pumzi. Mezani alikuwa ameweka vibakuli viwili vya udongo vilivyotoka kwenye kitanuri chake kidogo. Kimoja kilikuwa na unga wa kijivu, ukiupuliza unaruka. Kingine kilikuwa na tone la kioo lililogandia chini.

"Hiki chenye kioo ni majivu ya makaa na yale mabua yetu ya njano," alisema. "Hiki chenye unga ni makaa yaleyale, na mabua ya kijivu."

"Imekuwaje?"

"Chumvi, mzee. Bua likiwa hai linanyonya chumvi za ardhini. Likikatwa na kuokotwa palepale, linakuja nazo zote. Motoni zile chumvi zinayafanya majivu yayeyuke mapema, hasa yakikutana na haya ya makaa. Lakini bua lililokufa likinyeshewa, mvua inalisuuza. Unalikausha tena, unalileta. Sura imeharibika, lakini meno haliotishi."

"Kwa hiyo yale mabaya..."

"Ndiyo yaliyokuwa mazuri."

Mjomba alikiangalia kibakuli cha unga. Akauliza lile bua la kijivu alilitoa wapi, maana yeye hakupitisha hata moja.

"Yalidondoka getini," binti akasema. "Siku ile mkokoteni wa punda ulipogeuzwa kwa nguvu. Niliyaokota."

Hakusema "nilikuambia." Mjomba anasema afadhali angesema.

Amri ikatoka kwa meneja: kuanzia sasa mabua yaachwe shambani yapate mvua, na wale wote waliorudishwa waombwe warudi. Na nani awaombe? Aliyewafukuza. Mjomba akavaa viatu vyake vya Jumapili, akapita nyumba kwa nyumba. Watu hawakumwonea huruma, na kwa kweli kwa nini wamwonee? "Kavu, leo unataka yaliyolowa?" Mwingine alimwacha mlangoni, akachukua bua, akalikunja sikioni kwa Mjomba, kisha akamwambia, "Umesikia? Na mimi nilisikia." Yule jamaa wa udugu unapita alimpa maji ya kunywa na kumuuliza kama yeye binafsi amenyeshewa vya kutosha. Mjomba alimeza yote. Alisema ilikuwa halali yao.

Kwetu alikuja mwisho kabisa. Wakati huo mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani na nusu yangu ya diploma. Mama alikuwa kwenye kizingiti akigonga kabari kwenye mpini wa jembe.

"Karibu, bwana mpokeaji. Wewe, mletee kiti."

"Nimesimama tu, mdogo wangu."

Mama akaendelea kugonga. Mjomba akajifuta uso, akatazama shamba, akanitazama mimi, akatazama tena shamba.

"Kiwanda kinahitaji mabua yako," akasema.

"Kiwanda kimekutuma?"

"Ndiyo. Na mimi mwenyewe pia nimekuja."

"Nani kati yenu anayeongea?"

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, na mimi niliona kabisa kwamba umefunguliwa, maana Mama aliacha kugonga. Alimngoja. Mjomba akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Kiwanda."

"Basi kiambie kimejibiwa. Wiki ijayo nitaleta." Akachukua jembe lake, akaingia ndani.

Nilimsindikiza Mjomba mpaka barabarani. Njiani akashika koo. "Lilikuwa hapa, mjomba. Neno lenyewe. Lilikuwa hapa kabisa."

"Ungelikunja kwanza, usikie kama linalia tak."

Hakucheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akikosa kucheka utani wa mabua.

Mama alipeleka mabua kama alivyoahidi. Mjomba alipomwona kwenye foleni alitoka kibandani, akamwendea, akataka kumpitisha mbele. Mama akamwambia atasubiri kama watu wengine, na akasubiri juani. Zamu yake ilipofika Mjomba hakuchomoa bua. Alisema tu, "Pita." Mama akasema, "Pima, bwana mpokeaji, yasije yakakuletea lawama." Ikabidi apime mabua ya dada yake mbele ya watu, sikio limeinama.

Tanuri likatulia. Makaa matatu kwa bua moja la kijivu, na majivu yakarudi kuwa unga. Taa za mji hazikuzimika tena, na watu wakasahau upesi, kama watu wanavyosahau maumivu ya jino. Mjomba hakusahau. Kila taa zilipowaka jioni alikuwa anakunja uso kidogo, kama anayemulikwa machoni. Aliomba aondolewe getini. Wakampa kiti binti wa maabara, ambaye hakukikalia. Alikitumia kuwekea sinia.

Na msimu uliofuata, tulipomaliza kuvuna, asubuhi tukamkuta Mjomba shambani kwetu na uma wa kugeuzia majani. Hakuna aliyemwita. Mabua yakilala chini yakiwa yamerundikana, mvua inasuuza ya juu tu, ya chini yanabaki na chumvi zake na kuoza. Lazima mtu apite ayatandaze na kuyageuza. Alikuwa ameanzia mwisho wa shamba, mbali na nyumba. Mama alisimama mlangoni akamwangalia kwa muda. Nilidhani atamfukuza. Akaniambia, "Mpelekee maji." Kisha akachukua uma wake, akaanzia upande wa huku.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi msimu ule, na uliofuata. Mmoja huku, mmoja kule, na mimi na ndoo katikati, nabeba maji na kubeba ukimya wao. Walipokaribiana, mmoja alipata sababu ya kurudi mwanzo wa mstari. Nilimwambia Mama mara moja, "Hata moto wa tanuri wanaupa hewa kidogo." Akaniambia nikachote maji mengine, na ndoo ilikuwa bado imejaa.

Mwaka huu hawakukimbiana. Sijui nani alichoka kwanza. Walifika katikati ya shamba kwa pamoja, na kati yao palibaki mstari mmoja wa mabua. Mjomba aliegemea uma, kifua kikipiga filimbi.

"Ile siku getini," akasema.

Mama akageuza bua moja, halafu lilelile akaligeuza tena.

"Nilikosea. Sisemi mabua. Mabua nilikosea pia, lakini hayo yana maabara yake. Nasema lile neno. Sikuwa na haki ya kulisema kwako, sikuwa na haki ya kulisema kwa mtu yeyote. Nisamehe, mdogo wangu."

Niliitua ndoo polepole isilie.

Mama aliuchomeka uma ardhini. Nilitegemea alie, au amwambie yamekwisha. Alisema kwa sauti kavu kabisa:

"Hujawahi kuniuliza nilikuja na neno gani."

"Neno gani?"

"Getini. Nilikuambia nina neno la nyumbani."

Ni kweli, Mjomba hakuwahi kuuliza. Miaka yote alikuwa anafikiria alichosema yeye.

"Asubuhi ile mama alizungumza," Mama akasema. "Nilikuwa namlisha. Akaukataa mkono wangu, akasema jina lako. Nikadhani nimesikia vibaya. Akalisema tena, akaangalia mlango. Nikakupigia simu, na ninyi simu zenu zinalala kwenye sanduku la mlinzi kwa ajili ya gesi. Mkokoteni nilikuwa nimeupakia tangu jana yake, nikasema nipite nao, maana mtu asiye na mzigo mlinzi hamfikishi kwenu. Sikuja kuuza mabua, kaka."

Mjomba alikaa chini. Hakuchagua pa kukaa, alikaa tu juu ya mabua, uma bado mkononi.

"Alizungumza siku ngapi?"

"Tatu. Maneno machache. Wewe, na maji, na wewe. Halafu kiharusi kikampiga tena, na basi."

"Jioni ile ungenipata. Simu nilikuwa nayo jioni."

"Ungepokea."

"Ningekuja. Usiku uleule ningekuja."

"Najua ungekuja," Mama akasema. "Ndiyo maana sikukuambia."

Upepo ulikuwa unapekua mabua. Mama akaendelea, huku akiangalia mikono yake.

"Nilitaka ukose kitu. Kidogo tu, uumie kidogo kama mimi. Nikasema kesho nitampigia. Kesho ikaja, nikasema, kama ni mtu si atakuja mwenyewe? Sikujua ni hicho nitakachokukosesha. Umekuja hapa misimu yote hii ukiinama mbele yangu kama mwenye deni, na mimi kila nikikuona na uma huo natamani ardhi inimeze. Ningekuitaje kaka? Ningeanza na kaka, hayo mengine yangefuata yenyewe."

Nilimwangalia Mjomba. Nilikuwa namjua kwa hasira za getini, na kwa utani, na kwa ukimya wa miaka hii, na sikuona hata kimoja kati ya hivyo. Aliuweka uma pembeni kwa uangalifu, meno chini, kama inavyotakiwa.

"Aliniitaje?" akauliza.

"Nimekuambia. Kwa jina."

"Hilo la vitabuni?"

"Hapana. La utotoni."

Jina hilo silitaji hapa. Sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo na halikuwa langu kulisikia. Lakini Mama alilitamka. Hakulitamka kama mtu mzima anavyotamka. Alilitamka kama alivyolisikia: mdomo ameupinda upande mmoja, mwanzo wa jina umemezwa, mwisho umeburuzwa mpaka ukazama. Alikuwa ni Bibi kabisa.

"Rudia," Mjomba akasema.

Mama akarudia.

Mjomba akajaribu mwenyewe, taratibu, mdomo wake mzima ukihangaika kupinda. Likatoka zima, safi, herufi zote zipo.

"Siyo hivyo," Mama akamwambia. Akauvuka ule mstari wa mabua, akapiga magoti mbele yake, akamshika shavu la kushoto na kulivuta chini kwa vidole vyenye udongo. "Ulimi ulikuwa umelalia huku. Sema sasa."

Akasema. Bado haikuwa sawa. Mama akalishikilia shavu, akamwambia ajaribu tena.